Ziwa la Nairobi Liko Murang'a

Nairobi haina ziwa la kuendea Jumapili. Ina mito mitatu, Nairobi, Mathare na Ngong, ambayo ikifika katikati ya mitaa huwa imeshabeba kila kilichotupwa, na ina vidimbwi kadhaa katika bustani na misitu yake. Anayetamani kukaa kando ya maji mapana hufunga safari. Mwenye gari huteremka Bonde la Ufa hadi Naivasha. Mwenye likizo hupanda treni akaenda Mombasa. Lakini kuna msafara mwingine usiopigiwa debe sana: waendesha baiskeli wanaoondoka alfajiri, vikundi vya vijana wapenda milima, akina mama wa chama waliokodi matatu kwa siku nzima, wanafunzi na mwalimu wao wa jiografia. Hao wote hushika barabara ya Thika, wakaingia Gatanga, kaunti ya Murang'a, wakapanda hadi Ndakaini kutazama ziwa ambalo halikuwapo kabla ya miaka ya 1990. Wengi wao huwa wamelitumia asubuhi hiyohiyo. Wamepigia mswaki maji yake, wamekorogea uji, wameoshea vyombo.

Ndakaini ndilo bwawa kubwa kuliko yote yanayoinywesha Nairobi. Kwenye karatasi za serikali huitwa pia Bwawa la Thika, kwa jina la mto, ila hakuna abiria anayemwambia kondakta amshushe Bwawa la Thika. Kwa wenyeji na wageni ni Ndakaini tu.

Kutoka katikati ya jiji ni mwendo wa kilomita 80 hivi. Nusu ya kwanza ni ile barabara kuu ya njia nane iliyofunguliwa 2012, nayo haina la kusimuliwa. Nusu ya pili ndiyo raha. Ukishaiacha Thika na kushika njia ya Gatanga, ardhi huanza kuinuka, na mimea hukueleza umefika wapi bila kutazama simu. Kwanza ni migomba, maparachichi na kahawa. Kisha kahawa inapungua, baridi inaanza kuingia dirishani, na majani chai yanatwaa miteremko mmoja baada ya mwingine, kijani kimoja kilichonyolewa sawasawa, na wachumaji wamezama humo hadi kiunoni, vikapu mgongoni. Mji wa Thika uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa bwawa umepita mita 2,000. Abebaye sweta hajuti. Mwezi wa Julai ukungu huweza kulala juu ya maji asubuhi nzima, na mtu akasimama ukingoni asione ng'ambo.

Ziwa linapojitokeza, kinachoshangaza kwanza ni umbo lake. Si duara wala si yai. Lina mikono. Mito mitatu, Thika, Githika na Kayuyu, inateremka kutoka milima ya Nyandarua kila mmoja katika bonde lake, na maji yalipozuiwa yalirudi nyuma yakajaza kila bonde hadi yalipokomea. Unatembea mwendo mrefu ukidhani umeshafika upande wa pili, kumbe umezunguka mkono mmoja tu, na ule mti mkubwa ulioukusudia bado uko palepale, ng'ambo ya maji. Chai inateremka karibu kabisa na ukingo. Kati yake na maji kuna ukanda wa miti na nyasi, na kwenye mikono ya ndani, mahali ambapo mto unaingia, ndege wa majini hukaa wasijali wageni.

Ukuta wenyewe mgeni anaweza kuupita asiujue. Wengi huja na picha ya vitabu vya shule, ukuta mrefu wa zege na maji meupe yakimwagika. Huu ni kilima cha udongo ulioshindiliwa, kimo chake mita 65 hivi, upande wa nje umeota nyasi. Mabwawa ya namna hii huyashinda maji kwa uzito, na udongo mzito ulioshindiliwa ndani ndio unaoyazuia yasipenye. Ndiyo maana haipandwi miti juu yake, hata katika nchi inayopenda kupanda miti kila penye hafla. Mizizi hufungua njia ndani ya udongo, na maji yakishapata njia huipanua. Mei 2018, bwawa la shamba moja la Solai, kaunti ya Nakuru, lilipasuka usiku na kuua watu zaidi ya 40. Hofu ilisambaa hadi Gatanga, kwa kuwa mvua zilikuwa zikilijaza Ndakaini, na wahandisi ikabidi wajitokeze kuwatuliza wanaoishi chini ya ukuta. Ukisimama juu yake, maji kushoto na mashamba ya watu kulia, chini kabisa, unaelewa mara moja kwa nini walihitaji kutulizwa.

Ujenzi ulianza 1989, kwa mkopo wa Benki ya Dunia na wakopeshaji wengine, ukamalizika 1994. Likijaa, bwawa hushika mita za ujazo milioni 70, yaani lita bilioni 70. Wenzake ni wadogo. Sasumua, lililojengwa miaka ya 1950 upande wa Njabini, hushika milioni 16 hivi, na la Ruiru, lililotangulia yote mawili, milioni 3 hivi. Mfumo mzima ukifanya kazi vizuri, Nairobi hupelekewa zaidi ya lita milioni 500 kwa siku, kiasi ambacho bado hakitoshi jiji lililokua kama lilivyokua. Piga hesabu: Ndakaini likiwa limejaa, kukawa hakuna mvua wala mto mwingine, lingelitosheleza jiji kwa siku 140 hivi. Hiyo ndiyo akiba yote. Miezi minne na nusu.

Jambo ninalolipenda zaidi katika kazi hiyo ni kwamba maji hayasukumwi na pampu kutoka huku juu. Yanapenya handaki chini ya mgongo wa mlima, yanakutana na ya mito ya Kiama na Kimakia, yanamiminika Chania, yanatekwa Mwagu, yanasafishwa Ng'ethu kule Gatundu Kaskazini, kisha yanashuka kwa mabomba hadi matangi ya Gigiri. Kazi yote hiyo inafanywa na mteremko. Umeme ukikatika nchi nzima, maji ya Ndakaini yataendelea kushuka. Sijui kama wahandisi waliolichora wamewahi kushukuriwa hadharani, wanastahili.

Kijana wa Nairobi akifika ukingoni saa sita na jua limewaka, anachotaka ni kuvua shati ajitose. Haruhusiwi. Haruhusiwi kuogelea wala kufua, na walinzi hawana mzaha kwa jambo hilo. Baadhi ya wageni hununa. Wanaona ziwa lote hili ni la kutazama tu, lina faida gani? Mimi naona walinzi wana haki mara mbili. Kwanza, ni maji ya kunywa. Pili, ziwa hili ni bonde lililozama. Ukingo wa ziwa la kawaida huteremka taratibu, mtoto akaingia hadi magotini, hadi kiunoni. Hapa ukingo ni ubavu wa mlima. Hatua mbili za kwanza ni matope, ya tatu huenda ikakosa pa kukanyaga, na maji ya mita elfu mbili juu ya bahari ni baridi ya kumkaza mtu misuli.

Basi watu hutembea. Hutandaza leso kwenye nyasi wakala, hupiga picha za harusi, huendesha baiskeli kwenye vilima ambavyo humtoa mtu pumzi mara tu anapodhani amemaliza. Wapenzi wa uvuvi wa ndoano hupitiliza hadi msitu wa Kimakia, kwenye vijito baridi vyenye trauti, samaki walioletwa nchini na walowezi mwaka 1905 wakaachiwa katika mto Gura, kaskazini zaidi kwenye safu hiihii ya milima. Na mara moja kwa mwaka hujaa wakimbiaji. Nusu marathoni ya Ndakaini ilianza 2004, ikiandaliwa na chama cha wenyeji cha kuhifadhi mazingira ya bwawa pamoja na kampuni ya maji ya jiji. Ni kilomita 21 za kupanda na kushuka kuzunguka maji, na wanariadha waliozoea barabara za Eldoret na Iten huziheshimu. Kabla na baada ya mbio hupandwa miche. Mwaka huohuo wa 2004, Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri, kaskazini zaidi kwenye milima hiyohiyo, alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel kwa kazi iliyoanza na miche.

Maathai namkumbuka hapa kwa sababu nyingine pia. Mwaka 1989, ujenzi wa Ndakaini ulipokuwa unaanza, yeye alikuwa akipambana na serikali iliyotaka kusimamisha jumba la ghorofa 60 ndani ya Bustani ya Uhuru. Alishinda. Nairobi ikabaki na nyasi za kulalia Jumapili na kidimbwi cha kupigia makasia. Lakini wakati bustani ikiokolewa, kwenye ukingo wa kusini wa jiji ziwa zima lilikuwa linaelekea kufa, na hakutokea mtu wa kulipigania kwa nguvu kama hizo.

Nimesema Nairobi haina ziwa. Ilikuwa nalo. Bwawa la Nairobi lilijengwa 1953 kwenye mto Motoine, kati ya Kibera na barabara ya Lang'ata, liwe akiba ya maji ya dharura. Lilikuwa na hekta 35 hivi, si la kina kirefu, wastani haukufika mita 3. Likawa mahali pa starehe. Klabu ya mashua ikajengwa ukingoni, matanga yakapepea wikendi, watu wakavua samaki, familia zikala chakula cha mchana kwenye nyasi. Zama za ukoloni starehe hiyo ilikuwa ya Wazungu. Baada ya uhuru ikawa ya wenye uwezo. Ng'ambo ya maji kulikuwa na Kibera, ambako Wanubi, askari wa jeshi la kikoloni la KAR na jamaa zao, walikuwa wakiishi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na ambako baadaye walihamia vibarua na wafanyakazi wa jiji ambao hakuna aliyewajengea nyumba.

Nenda leo ukalitafute. Ukipita barabara ya Southern Bypass utaona uwanda mpana wa kijani, na usipoambiwa utadhani ni shamba. Sehemu kubwa ni shamba kweli. Tope lililojaza bwawa limelimwa nduma, miwa na sukuma wiki, na wakulima wanatembea mahali mashua zilipoelea. Kwingine limetapakaa gugumaji, lile la maua ya zambarau lililotoka Amerika Kusini, majani yamesongamana hata ndege mkubwa anasimama juu yake bila kuzama. Sogea karibu na mahali vijito vya Kibera vinapoingia. Maji ni meusi, yanachemka mapovu kutoka chini, na pembeni mifuko, nepi na viatu vimefungamana na mizizi. Harufu sitaieleza, anayeijua anaijua.

Nimesoma na kusikia mara nyingi kwamba Kibera ndiyo iliyoliua bwawa. Kauli hiyo inaniudhi, kwa sababu inamshtaki mtu kwa kunyimwa choo. Kwa miongo mingi serikali ziliihesabu Kibera kuwa makazi yasiyo halali, kwa hiyo hazikupeleka mabomba ya maji taka, hazikupeleka magari ya taka, hazikufungua barabara ambazo magari hayo yangepita. Watu malaki wakajisaidia katika vyoo vya shimo vinavyofurika mvua ikinyesha, na wasio na hata hicho wakatumia mifuko ya plastiki wakaitupa usiku. Kila kitu kilifuata mteremko. Bwawa likapokea. Gugumaji hustawi penye mbolea, na mbolea haikukosekana. Mmea ukafunika maji, ukifa unaoza na kuzama, unageuka tope, tope linapandisha sakafu, na jua linakausha kilichobaki. Hakuna fumbo hapo. Maji yanayotunzwa hutunzwa juu yake, kule yanakotoka, na juu ya bwawa lile kulikuwa na watu ambao jiji lilikataa kuwatambua.

Ndiyo maana usafishaji wake umeshindikana mara kwa mara. Wamekuja viongozi, zimekuja tingatinga, limeng'olewa gugumaji mbele ya kamera, na baada ya miezi likarudi. Unawezaje kupiga deki na bomba limepasuka? Waliopata tija walianzia upande wa pili. Katika kijiji cha Silanga, palepale ukingoni mwa bwawa, shirika la wabunifu wa majengo liitwalo Kounkuey Design Initiative lilikaa na wakazi kwanza, kisha wakajenga pamoja mahali pa wazi kando ya kijito: daraja, uwanja wa watoto, vyoo, pa kufanyia biashara ndogo. Mradi uliofuata ukawa kijito kingine, kisha kingine. Ni kazi ya polepole, haina utepe wa kukatwa na waziri. Lakini ukisimama Silanga unaona watoto wakicheza mita chache kutoka kwenye maji yaliyokuwa jalala, na hapo ndipo nilipoamini kwamba bwawa lile halijafa kabisa.

Sasa rudi Ndakaini, na uangalie juu badala ya kuangalia maji. Juu yake kuna mashamba, juu ya mashamba kuna msitu wa Nyandarua uliozungushiwa ua wa umeme wa kilomita karibu 400, uliokamilika 2009. Msitu ni sifongo ya bwawa hili: hunywa mvua na kuitoa kidogo kidogo. Mashamba ndiyo yenye mashaka. Ardhi hii ni mwinuko mkali, udongo ni mwekundu na laini, vipande vya shamba vimegawanywa kwa watoto, kwa wajukuu, mpaka familia inalima robo ekari hadi ukingo wa kijito. Mvua kubwa ya Aprili ikinyesha kwenye shamba la viazi lisilo na matuta, udongo unaondoka nao. Utauona mahali mto unapoingia ziwani: ulimi wa maji ya rangi ya kahawia unajisukuma ndani ya maji ya kijani, unapanuka, unafifia. Hakikupotea kitu hapo. Kimezama. Kila tani ya udongo inayotua chini ni nafasi ya maji iliyochukuliwa, na kilichobaki kikielea ni kazi na gharama zaidi kwa mitambo ya Ng'ethu.

Mwaka 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Upper Tana na Nairobi, wa kwanza wa aina yake Afrika, ambapo wanaotumia maji chini huchangia kazi ya wanaolima juu. Shirika la The Nature Conservancy lilishirikiana na kampuni ya maji na makampuni yanayohitaji maji mengi. Mkulima hapewi hotuba. Anapewa miche, mbegu za nyasi, usaidizi wa kuchimba matuta na vidimbwi vya kuvunia mvua. Nilitembezwa katika shamba moja kama hilo juu ya bwawa, na tofauti haihitaji mtaalamu. Mtaro umechimbwa kukata mteremko, udongo ukarushwa upande wa juu ukawa tuta, ile njia ya fanya juu ambayo Wakamba wameitumia vizuri kule Machakos. Juu ya tuta imepandwa nyasi ya nepia. Ng'ombe anakula nyasi, nyasi inashika tuta, tuta linashika udongo na mbolea aliyoinunua mkulima kwa pesa zake. Nilichimba kidogo kwa kidole upande wa juu wa tuta. Udongo mweusi, mlaini, kina cha kiganja, ulionasa pale baada ya misimu michache. Bila tuta ungekuwa ziwani. Mkulima wa pale hakunizungumzia Nairobi hata mara moja. Alinizungumzia maziwa. Naona hiyo ndiyo dalili bora kuwa mpango utadumu: anayelinda maji yetu analinda kwanza riziki yake.

Ila deni halijaisha. Bwawa lilipojengwa, familia ziliondolewa katika mabonde haya, pamoja na makaburi ya wazee wao na mashamba yaliyokuwa yakizalisha. Malalamiko ya fidia bado yapo, miaka zaidi ya thelathini baadaye. Na kuna jambo ambalo mgeni analiona kwa macho yake akitembea taratibu. Barabarani kuna punda wenye mitungi minne minne. Kuna mwanamke aliyeinama, mkanda wa ngozi umepita juu ya paji la uso wake, mtungi wa lita 20 mgongoni, anapanda kilima. Nyuma yake, chini, ziwa lote linang'aa. Mama aliyeniuzia chai kibandani alinieleza kwamba anateka maji kijitoni, kwamba bomba limeahidiwa katika kila uchaguzi anaoukumbuka, na kwamba ziwa kwake ni kitu cha wageni. Alisema hivyo bila hasira, na mimi ndiye niliyeona aibu, nikiwa nimetoka nyumba yenye mfereji.

Mwangi wa Iria, alipokuwa gavana wa Murang'a, alidai kaunti ipewe asilimia 25 ya mapato ya maji yanayouzwa Nairobi. Alibezwa sana mjini. Walisema anafanya siasa, na kwamba maji ni ya Wakenya wote. Huenda ilikuwa siasa. Lakini hoja yenyewe ni ya haki. Maji ni ya Wakenya wote mpaka yaingie kwenye bomba. Yakishaingia, mkazi wa Lavington anayapata na mkazi wa Ndakaini hayapati. Mwaka 2022 mto mwingine wa maji, safari hii chini ya ardhi, uliongezwa: Handaki la Northern Collector, la kilomita karibu 12, linalochukua maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati na kuyaleta hadi Ndakaini. Jiji limeongeza kikombe chake. Wenyeji wa kingo za ziwa wangepaswa kuwa wa kwanza kukinywea.

Na si suala la huruma tu. Tuliona mwanzoni mwa 2017. Mvua za vuli zilikosa, bwawa likashuka chini ya nusu, na Januari 1 mgao wa maji ukaanza Nairobi, mtaa huu siku hizi, mtaa ule siku zile. Waliokwenda Ndakaini wakati huo walikuta kingo zimebaki utepe mpana wa udongo mwekundu uliopasuka, maji yamejikunyata katikati ya mabonde. Utepe huo huonekana kila Februari hata mwaka ukiwa mzuri, mwembamba zaidi, nao ni kama kipimo cha mafuta kwenye dashibodi ya jiji zima. Natamani picha yake ingechapishwa kila wiki karibu na bei ya petroli. Mwaka kama huo, mteremko ukiwa na matuta na msitu ukiwa umesimama, mito hupungua lakini haikatiki. Anayeamua hilo ni mkulima wa robo ekari. Bomba la maji hadi kibanda cha yule mama ni gharama ndogo mno kwa jiji linalomtegemea yeye na jirani zake.

Kwa anayetaka kwenda: Mei na Juni ziwa huwa limejaa baada ya masika, njia ikiwa na utelezi, Januari na Februari anga ni safi, maji yakiwa chini. Jiandikishe langoni, uwasikilize walinzi, na watoto uwashike mkono penye ukingo. Usibebe chakula kutoka supamaketi ya mjini. Beba pesa za chakula. Vibandani kuna chai ya maziwa iliyopikwa kwa majani yaliyochumwa hapohapo, kuna githeri, viazi, ndizi, na mahindi ya kuchoma yakiwa msimu wake, na shilingi unayoiacha ni ya kwanza ambayo bwawa limemletea moja kwa moja aliyelilipia kwa ardhi yake. Matatu za kurudi Thika hupungua jioni, kwa hiyo anayetegemea usafiri wa umma aanze kuteremka mapema.